Pikipiki ya Matairi Matatu: Ilivyopendwa, Ilivyozuiwa, Inavyotunzwa

Kwa wauza pikipiki wa Marekani, miezi ya theluji ilikuwa miezi ya njaa. Barabara zikishaganda, hakuna aliyeingia dukani kununua pikipiki. Mwaka 1967 tawi la Honda nchini humo liliomba makao makuu Japani yalitengenezee chombo kitakachouzika hata wakati huo. Kazi hiyo alipewa mhandisi Osamu Takeuchi.

Takeuchi na wenzake walijaribu vyombo vya magurudumu mawili, matatu, manne, hata sita. Kwenye theluji, tope na vilima, cha matatu kiliwashinda wenzake: kilikuwa chepesi, kiligeuka kwa urahisi na kilikamata ardhi vizuri. Kilichobaki kilikuwa matairi, maana tairi jembamba la pikipiki huzama papo hapo kwenye ardhi laini. Jibu lilipatikana kwenye Amphicat, kigari cha magurudumu sita kilichoweza kupita nchi kavu na majini, chenye matairi mapana yenye upepo mdogo sana. Honda wakatengeneza ya kwao, ya inchi 22, yaliyojazwa upepo wa paundi 2.2 tu kwa inchi ya mraba. Tairi kama hilo hubonyea, likatandaza uzito juu ya mchanga badala ya kuuchimba.

Mwaka 1970 chombo kikaingia sokoni kwa dola 595. Kiliitwa US90, kisha ATC90. Kilikuwa na injini ya silinda moja ya cc 89, nguvu za farasi saba, na gia zisizohitaji klachi ya mkono. Hakikuwa na springi wala shokapu. Kazi yote ya kupunguza mtikisiko iliachiwa matairi. Usukani ulikunjwa ili chombo kipakiwe kwenye gari. Honda hawakuwa peke yao katika wazo hilo, kwani huko Michigan mbunifu John Plessinger alikuwa ameshabuni Tricart, iliyoanza kuuzwa mwaka 1968. Lakini Honda ndio waliokifikisha chombo hiki kwa watu wengi. Mwaka 1971 hata James Bond alionekana akikiendesha jangwani katika filamu ya Diamonds Are Forever.

Kilianza kama chombo cha starehe, ila wakulima walikigundua upesi. Kiliwafikisha shambani kukiwa na tope, bila kukandamiza udongo kama trekta. Mabua makali ya mazao yaliyovunwa yaliyatoboa matairi yale laini, hivyo kufikia 1975 Honda walikuwa wameyaimarisha. Mwaka 1982 ikaja Big Red, yenye sehemu za kufungia mizigo mbele na nyuma.

Hapo ushindani ulikuwa umekwisha kuwaka. Yamaha na Kawasaki waliingia na zao. Mwaka 1981 Honda walitoa ATC250R, chombo cha mashindano chenye injini ya petroli iliyochanganywa na oili. Kawasaki wakajibu kwa Tecate mwaka 1984, Yamaha kwa Tri-Z mwaka 1985. Chombo kilichoanza na farasi saba sasa kiliruka matuta ya mchanga kwa kasi ya kutisha, na bado matangazo mengi yalikionyesha kama mchezo wa familia nzima.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Magurudumu matatu husimama yenyewe, kwa hiyo anayeyaona huamini hayaangushi. Ukweli ni kwamba mbele kuna tairi moja tu. Ukikata kona huku umeshika breki, uzito unasogea mbele, mahali ambapo chombo ni chembamba, nacho kinapinduka. Nyuma hakuna difu. Matairi yote mawili yamefungwa kwenye ekseli moja na yanazunguka sawasawa. Kwenye kona tairi la nje linapaswa kwenda mbali zaidi kuliko la ndani, na ekseli hailiruhusu, hivyo chombo hung'ang'ania kwenda mbele moja kwa moja.

Dereva ndiye anayekigeuza, kwa mwili wake. Anainamisha kiwiliwili upande wa ndani wa kona, huku akikanyaga kwa nguvu kikanyagio cha nje, ili tairi la ndani lipungukiwe uzito na kuteleza kidogo. Mkono wa mafuta hautakiwi kushtuka. Aliyezoea pikipiki alikuwa na hatari ya ziada: akihisi anaanguka, mguu wake hushuka chini wenyewe kujiegemeza, na tairi la nyuma huupanda.

Wanunuzi wengi hawakufundishwa haya, na wengi wa walioumia walikuwa watoto. Katikati ya miaka ya 1980 majeruhi na vifo vilipozidi, serikali ya Marekani iliwapeleka watengenezaji mahakamani. Aprili 1988 mahakama ya Washington ilipitisha makubaliano: kampuni ziliacha kuuza vyombo vipya vya matairi matatu, zikakubali kutoa mafunzo kwa wanunuzi wa vile vya matairi manne vilivyobaki sokoni, na kutowauzia walio chini ya miaka 16 vile vikubwa. Makubaliano hayo yalidumu miaka kumi. Mwaka 2008 sheria ya nchi ikafunga mlango, ikapiga marufuku uingizaji na uuzaji wa vipya.

Vilivyokwisha kuuzwa havikukusanywa. Ndiyo maana hadi leo vipo kwenye maghala ya mashamba na mikononi mwa wapenzi wanaovifufua. Kazi yao inahitaji subira. Tangi lina kutu, kabureta imeziba, beringi za ekseli zimelegea, na fremu lazima ichunguzwe nyufa kwenye maungio. Geji ya kawaida ya upepo haifai, kwa sababu haisomi vizuri kiwango kidogo namna ile. Fundi makini hupima kwa utepe mzingo wa matairi yote mawili ya nyuma. Likiwa moja kubwa kuliko jingine, ekseli ile ngumu itavuta chombo upande mmoja njia nzima.

Navistahi vyombo hivi, na nawastahi wanaovitunza. Ni kazi ya kihandisi iliyojibu tatizo halisi kwa njia rahisi na ya bei nafuu. Lakini marufuku ilikuwa ya haki, kwa kuwa soko liliuza mashine na kusahau kuuza ujuzi wake. Deni hilo sasa limewaangukia wamiliki. Mtoto asipandishwe kwenye chombo cha mtu mzima, kofia ngumu na viatu virefu visikosekane, na anayeuza cha kwake amfundishe mnunuzi kukata kona kabla ya kupokea pesa.