Chungu, Karai na Kuni: Historia Fupi ya Mboga za Majani Kanama

Mboga ni moja, majina ni mengi. Mchicha wa Dar es Salaam huko Goma ni lengalenga, na ukivuka mpaka kuja Gisenyi ni dodo, ingawa wazee wa Kanama bado husema imbwija. Mwanafunzi wa historia akitaka kujua watu walikula nini hukosa nyaraka (nani aliandika bibi yake alipika nini?), hivyo huanzia kwenye majina. Kabichi tunaiita ishu, neno la Kifaransa, chou, lililovaa kiambishi cha Kinyarwanda. Jirani yetu Nyundo kuna misheni iliyoanzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1901, kwa hiyo si ajabu jina likawa la Kizungu. Watanzania nao wana chainizi. Jina hilo linataja asili ya mboga, lakini halisemi nani aliileta wala lini, na mimi sikubali kuiunganisha na reli ya TAZARA (1970–1975) eti kwa kuwa Wachina walikuwapo.

Swali langu linahusu upishi wenyewe. Kwa nini Mchina huivisha majani kwa dakika tatu, na sisi kwa saa nzima?

Upande wa China jibu lina mizizi ya zamani. Ukaangaji wa haraka ulienea wakati wa utawala wa Song (960–1279). Miji ilikua, mafuta ya mbegu yakauzwa sokoni, na kuni zikawa adimu kuzunguka mji mkuu, Kaifeng, hata watu wakachoma makaa ya mawe. Chakula kilichokatwa vipande vidogo, kikitupwa katika karai jembamba la chuma juu ya moto mkali, huiva upesi na kuni hubaki.

Huku kwetu chombo kilikuwa chungu cha udongo juu ya mafiga matatu. Chungu hakistahimili moto wa ghafla. Kinataka moto wa polepole. Maharage yalichemka humo kwa saa kadhaa, na mboga ziliingia humo humo. Tena kuna majani ambayo lazima yakae motoni. Isombe, yaani kisamvu, ina sumu ya sianidi, na usipoitwanga na kuichemsha sana inadhuru. Isogi, ambayo Watanzania huiita mgagani, ni chungu na huhitaji kuchemshwa. Wanaosema bibi zetu walichemsha mboga kwa ujinga hawajawahi kutwanga isombe. Nionavyo mimi, tatizo lilianza pale kanuni ya isombe ilipohamishiwa kwenye ishu na dodo, ambazo hazina sumu hiyo. Vitamini C huyeyuka katika maji na huharibiwa na joto. Ukichemsha saa nzima kisha ukamwaga maji, umemwaga sehemu kubwa ya faida.

Baba mdogo alifanya kibarua katika ujenzi wa barabara chini ya wasimamizi Wachina, na akaona mpishi wao anavyofanya. Mashina hukatwa na kutengwa na majani. Karai hupashwa hadi mafuta kidogo yaanze kutetemeka, kitunguu saumu na tangawizi huingia, mashina hufuata kwa dakika moja, halafu majani yenye maji ya kuoshea bado juu yake. Huyageuza bila kuacha, huweka chumvi mwishoni, huepua yakiwa bado ya kijani. Alipotupikia mara ya kwanza, mama alisema, “Shemeji, hizi ni mbichi, utatuumiza matumbo.” Akazirudisha motoni.

Kilichombadilisha ni mwaka 2020. Mpaka ulifungwa mwezi Machi, wanunuzi wa Goma hawakufika tena soko la Mahoko, na ishu za shamba letu zikabaki nyumbani. Tulikula ishu kila siku, na makaa yakawa ndiyo gharama kubwa kuliko chakula chenyewe. Imbabura moja iliyojazwa ikaanza kutosha milo miwili. Hapo mama akamwita baba mdogo amwonyeshe upya.

Hapa ndipo historia ya Kaifeng inapokutana na yetu. Msitu wa Gishwati, juu yetu, ulikuwa na karibu hekta 28,000 miaka ya 1970. Kufikia 2002 zilibaki hekta 600 hivi. Jiko peke yake halikuumaliza: kulikuwa na miradi ya mifugo, na baada ya 1994 watu waliorejea walihitaji mahali pa kukaa. Lakini kuni na makaa yamo katika hesabu. Milima ikibaki wazi, maji yote hushukia mto Sebeya, na usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto huo ulibomoa nyumba na kuua watu katika wilaya yetu ya Rubavu.

Wazee wa Mahoko waliozaliwa kabla ya 1960 bado wapo, na wanakumbuka kuni zilitoka wapi, ziliisha lini, na nani wa kwanza kununua makaa. Nimeanza kuwauliza.