Bastola nyepesi ya kutembea nayo porini: inafaa kwa nini, haifai kwa nini

Mahindi yakianza kubeba, swali hili hurudi kwenye simu za studio yetu hapa Bombambili. Mtu anayelala shambani, au anayepita na pikipiki njia za pori kuelekea Namtumbo na Tunduru, anauliza kama anaweza kununua bastola ndogo isiyomlemea kiunoni. Na kama anaweza, ipi ya kuaminika? Hewani dakika huwa hazitoshi, ndiyo maana tumeandika hapa.

Tuanze na chombo chenyewe. Bastola ziko za aina mbili. Kuna rivolva, ile yenye kasha la duara linalozunguka na kubeba risasi 5 au 6. Nyingine hulishwa na magazini inayoingia kwenye mpini, na nyingi hubeba risasi kuanzia 7 hadi 17. Kwa mtu asiyefanya mazoezi kila wiki, rivolva ina usumbufu mdogo zaidi: risasi moja ikigoma, unavuta triga tena na kasha linaleta nyingine. Ya magazini ikigoma, inabidi mkono wa pili uvute sehemu ya juu kuitoa ile iliyokwama. Jaribu kuliwaza hilo usiku, tochi imeanguka na mikono inatetemeka. Faida yake ni kwamba ni bapa, inakaa vizuri mwilini, na ina risasi nyingi. Glock 17 ya Austria, ambayo polisi wa nchi nyingi wanaitumia, ina mwili wa plastiki ngumu na ikiwa tupu haifiki gramu 700. Zipo rivolva ndogo za alumini zenye uzito chini ya nusu kilo.

Lakini wepesi una gharama. Bastola ikiwa nyepesi, teke lake kwa mpigaji ni kali zaidi kwa risasi ileile. Mwenye nayo hupiga mara tatu, kiganja kinamuuma, kisha anaiweka sandukuni na hafanyi mazoezi tena. Ndiyo maana kwa maoni yetu bastola nzuri ya kubeba ni ile unayoweza kuilenga vizuri, hata kama imezidi gramu 200 kuliko ile ndogo kabisa.

Sasa tuje kwa mnyama, maana ndiye anayewafanya wengi waulize. Risasi ya bastola ya milimita 9 ina uzito wa kama gramu 8. Risasi ya bunduki ya .375, ambayo wawindaji huanzia nayo kwa tembo na nyati, ina gramu 19 hivi, na huenda kwa mwendo wa mara mbili au zaidi. Ukipiga hesabu ya nguvu inayofika kwenye mwili wa mnyama, ya .375 inazidi ile ya bastola zaidi ya mara kumi. Tembo aliyepigwa kwa bastola ni tembo aliyejeruhiwa, na wewe uko mbele yake. Kwa nyati ni hivyohivyo. Simba anaweza kufa kwa risasi ya bastola, lakini si lazima afe kabla hajakufikia.

Hatusemi hivi kwa kupuuza hofu ya watu. Ushoroba wa Selous na Niassa unapita Namtumbo na Tunduru hadi Mto Ruvuma, na wanyama wanautumia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature ulihesabu Watanzania wasiopungua 563 waliouawa na simba tangu 1990, na zaidi ya 300 waliojeruhiwa, wengi wao upande wa kusini. Watafiti waliona kwamba penye nguruwe pori wengi ndipo mashambulizi yalipozidi. Nguruwe wanafuata mazao, mkulima analala kwenye dungu kuwafukuza, na simba anawafuata nguruwe. Anayelala kwenye kibanda kisicho na mlango hapati hata muda wa kuitoa bastola kwenye mfuko wake.

Kinachosaidia zaidi ni dungu lililoinuliwa juu na kuzibwa vizuri, tochi yenye mwanga mkali, honi, moto, na kutotembea peke yako gizani. Kwa tembo, kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu kuzunguka shamba zimesaidia wakulima katika maeneo mengi nchini. Mnyama akizidi, kazi hiyo ni ya askari wa wanyamapori wa halmashauri au wa TAWA, wenye bunduki za kiasi hicho. Chukua namba yao kwa mtendaji wa kijiji mapema, kabla ya msimu.

Anayeitaka bastola kwa sababu nyingine halali, kwa mfano mfanyabiashara anayesafiri na fedha, anaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Umri usipungue miaka 25. Maombi huanzia serikali ya kijiji au mtaa, yanapitia kamati za ulinzi na usalama, kisha polisi, na lazima uwe na cheti cha kuonyesha kwamba unajua kuitumia. Usinunue kwanza ukatafuta leseni baadaye.

Leseni ni ya mtu mmoja. Baba mwenye leseni hawezi kumwachia kijana wake bastola alinde shamba wakati yeye amekwenda Songea mjini. Na gobore la kuchongesha kwa fundi, ambalo wengi huliona la kawaida, ni silaha haramu kama nyingine. Kumiliki silaha bila kibali kunaweza kufunguliwa kama kesi ya uhujumu uchumi, na kifungo chake ni miaka 20 hadi 30. Tena bomba lake mara nyingi ni la maji, halikutengenezwa kuhimili baruti, na likipasuka linapasukia usoni pa aliyelishika.

Kuna familia zinazobaki na silaha ya marehemu darini bila kujua la kufanya. Msisubiri kikao cha mirathi. Mtoeni taarifa kituo cha polisi kilicho karibu na muikabidhi pamoja na leseni yake. Mrithi anayeitaka ataanza maombi kwa jina lake mwenyewe.