Saa ya nyani ni saa ya Kiswahili

Wasomaji wangu, leo naweka kodi kando niongee habari za nyani. Hapa Majoreni kila mwenye shamba la mahindi anaijua ratiba yake: kukipambazuka anashuka mtini, jua likizama amesharudi kulala. Nani anamwambia saa?

Jibu lilianzia kwa nzi wadogo wa matunda. Mwaka 1971, huko Marekani, Ronald Konopka na Seymour Benzer waligundua jeni ambayo ikiharibika, saa ya nzi inavurugika. Utendaji wake ulijulikana baadaye, na mimi mwandishi wa programu nausoma kama mzunguko: protini CLOCK na BMAL1 zinawasha jeni za PER na CRY, protini za PER na CRY zikijaa zinazizima zile zilizoziwasha, zikiisha, mambo yanaanza upya. Mzunguko mmoja ni takriban saa 24. Nobel ya 2017 walipewa Hall, Rosbash na Young kwa kazi hii.

Tatizo, mengi yalipimwa kwa panya, mnyama wa usiku. Hapo ndipo Kenya ilipoingia. Mwaka 2018 jarida la Science lilichapisha kazi ya Ludovic Mure, Satchidananda Panda na wenzao. Walitumia nyani 12 wa taasisi ya utafiti wa nyani iliyoko Nairobi, mmoja kila baada ya saa 2, wakapima sehemu 64 za mwili. Wanyama hao walitoa uhai wao, tusisahau.

Zaidi ya asilimia 80 ya jeni zinazotengeneza protini zilipanda na kushuka kwa saa, mahali fulani mwilini. Kati ya sehemu zilizopimwa ni putameni na substansia nigra, zinazosaidia kuongoza mwendo. Hiyo ya pili ndiyo ambayo seli zake hufa kwa mgonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka. Kwa hiyo kuuliza dawa inywewe saa ngapi si swali dogo. Ila walipima RNA, yaani maagizo, si protini zenyewe. Kazi bado ipo.

Lililonifurahisha zaidi: wataalamu hawa huanza sifuri taa za asubuhi zinapowaka. Saa yao ya kwanza ni saa moja yetu! Kwenye programu huwa tunajumlisha 6 ili mashine ituelewe, kana kwamba sisi ndio tuliopotea. Wazee walihesabu tangu mapambazuko, na mwanga huo huo ndio unaorekebisha saa ya mwili.

Mnasemaje?