Fua: Kitenzi Kimoja au Viwili?

Mwanafunzi anayehusisha kufua na sabuni tu hutatizika akikutana na nahau "hafui dafu" tamthiliani. Kufua dafu ni kuliambua kumbi kwa kifuo. Mhunzi naye hufua chuma. Darasani twapenda kueleza kuwa asili ya yote ni kupiga, kwani nguo zilipigwa maweni mtoni. Kwa nguo, maelezo haya yana mashiko: Wagĩkũyũ husema hũũra nguo, na hũũra ni kupiga. Hata hivyo, mhunzi kwao ni mũturi. Tofauti hiyo ya h na t yaashiria mizizi miwili ya Kibantu iliyokutana katika f ya Kiswahili. Fua chuma na fua nguo, basi, ni homonimu, ingawa vitabu vyetu huzirundika pamoja chini ya vitawe.