Ubao Mmoja Hauvushi Lori

Mto Lukuledi hutoka upande wa Masasi, ukapita bondeni kati ya nyanda za juu za Makonde na za Rondo, hata ukaingia baharini Lindi. Katika bonde hilo, huko Mahiwa, Waingereza na Wajerumani walipigana Oktoba 1917, na mizigo yao ikabebwa vichwani na wapagazi wetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ukaja mpango wa karanga, na reli ikajengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea. Mpango ukavunjwa mwaka 1951. Reli nayo ikang'olewa miaka ya 1960. Reli ikaondoka, mto ukabaki, na watu wakabaki na haja ya kuvuka.

Kwenye vijito vingi kuvuka ni juu ya mbao. Kosa si la mti. Kosa ni kwamba kila ubao hubeba gurudumu peke yake. Lori la korosho likipita, misumari hulegea, maji huingia, ubao huoza. Ukivunjika mmoja, barabara yote imefungwa.

Mwaka 1976, huko Ontario, Kanada, wahandisi walikuta sakafu za madaraja ambazo mbao zake, zilizopigiliwa ubavu kwa ubavu, zimeanza kuachana. Wakazibana kwa nondo za chuma na nati, zikawa kitu kimoja kinachogawana mzigo. Marekani nako, miaka hiyo hiyo, zilitengenezwa paneli za mbao zilizoshikanishwa kwa gundi, za kutandikwa juu ya boriti badala ya sakafu iliyochakaa.

Tusidhani hayo ni ya Wazungu tu. Hapa jirani, Idara ya Misitu ya Kenya ilibuni miaka ya 1970 madaraja ya mbao ya kuunganisha vipande, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, UNIDO, likaueneza mtindo huo nchi nyingine.

Sisemi kila mto uvukwe kwa mbao. Daraja la Mkapa pale Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, lilitaka zege na chuma. Lakini vijito havingoji mabilioni. Vinataka mbao zilizotiwa dawa, nati zinazokazwa kila mwaka, na mtu wa kuzikagua kabla ya masika. Mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Ndanda haulizi daraja ni la zege au la mti. Anauliza kama linapitika.

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Ndivyo ilivyo kwa ubao.