"Naenda Kenya"

Zamani, mtu wa Moyale au Marsabit akipanda lori la kwenda Nairobi, aliwaaga jamaa zake hivi: "Naenda Kenya." Hakuwa na utani. Alizaliwa Kenya, ila nchi yenyewe ilikuwa mbali. Historia ya barabara ya Isiolo hadi Moyale, takriban kilomita 500, imo ndani ya maneno hayo mawili.

Wakoloni waliifunga kaskazini yote, wakaiita NFD, yaani Northern Frontier District. Mgeni hakuingia bila kibali. Uhuru nao ukaja pamoja na vita vya Shifta, vya waliotaka kujitenga na Kenya, 1963 hadi 1967, na kwa miaka mingi baadaye malori yalisafiri kwa msafara chini ya ulinzi wa polisi. Abiria walikaa juu, wakishikilia vyuma, ng'ombe wakiwa chini yao.

Ukitoka Isiolo unavuka mto Ewaso Ng'iro pale Archer's Post. Twiga, choroa na swala twiga huonekana kando ya njia. Mbele unasimama Ololokwe, mlima wa mwamba ambao Wasamburu wanauheshimu kama mahali patakatifu. Kisha huja jangwa la Kaisut, nchi ya ngamia wa Warendille, na joto lisilo na huruma.

Hapo ndipo Marsabit humshangaza mgeni: mlima wa volkano iliyozimika, wenye msitu na ukungu katikati ya ukame. Mashimo ya volkano wenyeji huyaita gof, na katika mojawapo limo Ziwa Paradise. Msitu huu ulikuwa makao ya Ahmed, tembo aliyesimuliwa kwamba pembe zake zilikwaruza ardhi. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri alindwe; akafa kifo cha kawaida mwaka 1974, na sanamu yake imesimama kwenye makumbusho ya taifa Nairobi.

Karibu na mlima kuna visima vinavyoimba. Wafugaji wa Kiborana hujipanga kisimani, mmoja juu ya mwenzake, wakipokezana ndoo kwa mdundo wa wimbo mpaka hori lijae. Wimbo ndio unaowapa mikono yote mwendo mmoja. Akikosea mmoja, maji humwagika.

Baada ya Marsabit ni Dida Galgalu, uwanda wa mawe meusi usio na kivuli, mpaka Turbi, kisha Moyale na mpaka wa Ethiopia. Kwenye uwanda huo ndipo malori yalipokuwa yakiharibika na watu kulala njiani.

Katika muongo wa 2010 lami ilifika Moyale. Safari iliyokula siku kadhaa sasa huisha kwa siku moja. Mgonjwa anafika hospitali, mbuzi wanafika sokoni wakiwa hai. Hata hivyo wazee bado husema "naenda Kenya", nami nikiwasikia, nasikia deni. Lami ni malipo ya kwanza tu. Yaliyobaki ni shule, maji na amani, na hayo hayaletwi na katapila.