Nani Anapewa Kiti? Mdahalo wa Runinga Tangu 1960

Hapa Cleveland baridi imeshaanza kuuma, na kazi za usiku zimenibana hata nikaupa kisogo ukurasa huu wiki tatu nzima. Mniwie radhi.

Leo kanitoa mafichoni kaka yangu mkubwa. Juzi alinipigia simu kutoka Likoni. Yeye na wenzake wa barazani wanataka kuandaa mdahalo wa wagombea wa uwakilishi wadi kabla ya uchaguzi wa 2027, waurekodi na kuurusha mtandaoni. Waliotangaza nia ni saba. Kaka anataka kuwaita watatu tu, "wale wenye uzito". Wanne waliobaki watazame kama sisi wengine, akiwemo yule mama muuza samaki ambaye wengi wenu mnamjua. Akaniambia: "Wewe uko Marekani, na hao ndio wazoefu wa mambo haya. Niambie wanafanyaje, nami nifanye vivyo hivyo."

Kaka, shikamoo. Nakujibu hapa hapa ili na wenzako wasome.

Mdahalo wao wa kwanza wa urais kwenye runinga ulikuwa Chicago, tarehe 26 Septemba 1960, kati ya John Kennedy na Richard Nixon. Watu wengi husimulia jasho la Nixon, ambaye alikuwa ametoka kuugua goti akalazwa hospitali, na akakataa kupambwa uso vizuri. Lakini kisa chenyewe kilianzia Bungeni. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 1934, kifungu cha 315, ilisema kituo kikimpa mgombea mmoja nafasi hewani, lazima kiwape na wapinzani wake wote nafasi sawa. Mwaka ule walikuwapo wagombea wengine wa vyama vidogo. Ili wawili wasimame peke yao, Bunge lilisimamisha kifungu hicho kwa muda. Kwa hiyo, kaka, huo mdahalo unaosifiwa dunia nzima uliwezekana kwa kuiweka kando sheria ya usawa.

Baada ya hapo kimya. Mwaka 1964, 1968 na 1972 hakukuwa na mdahalo wa urais. Kifungu kilikuwa kimerudi, na aliyekuwa mbele hakuona faida ya kwenda kujianika. Mlango ulifunguliwa mwaka 1975, wasimamizi wa utangazaji walipoamua kwamba mdahalo ulioandaliwa na mtu wa nje uhesabiwe kuwa habari, na habari haibanwi na kifungu kile. Ndipo chama cha wanawake wapiga kura, League of Women Voters, kikaandaa ule wa 1976 kati ya Ford na Carter. Wa kwanza, kule Philadelphia, sauti ilikatika dakika 27, na wagombea wote wawili wakasimama kimya kama milingoti. Angalau hapo walikuwa sawa!

Sasa njoo 1980, maana hiki ni kisa cha mji huu ninaokaa. Alikuwapo mgombea wa tatu, John Anderson. Akina mama wale waliweka kipimo: mwenye asilimia 15 kwenye kura za maoni anaingia. Anderson akaingia. Rais Carter akagoma kukaa naye, hivyo Septemba Reagan na Anderson wakajadiliana wawili tu, Baltimore. Oktoba Anderson akashuka chini ya kipimo, Carter akakubali, na tarehe 28 Carter na Reagan wakakutana hapa Cleveland, wiki moja kabla ya kura. CNN, iliyokuwa na miezi michache tu tangu izaliwe, ilijaribu kumchomeka Anderson kwa kumweka mahali pengine na kupachika majibu yake kati ya yao. Mtu akitafuta kiti kwa njia hiyo, ujue mezani kuna jambo.

Mfano mkubwa zaidi ni Ross Perot. Mwaka 1992 aliruhusiwa kuingia akiwa chini ya asilimia 10. Wananchi wakamsikia, na siku ya kura akapata karibu 19. Mwaka 1996 alinyimwa kiti, akaishia kama 8. Yako mengine yaliyompunguza, sikatai. Ila tume iliyokuwa ikiandaa midahalo ilipoweka kipimo cha asilimia 15 mwaka 2000, ilikuwa imeweka kipimo ambacho kingemzuia Perot yule wa 1992.

Na kwetu je? Mwaka 2013, kwenye mdahalo wa kwanza wa urais Kenya, Paul Muite aliachwa nje, akaenda mahakamani, na siku ilipofika jukwaani walisimama wanane. Mbingu haikuanguka. Mwaka 2022 wakagawanywa makundi mawili, wakubwa na wadogo. Wajackoyah akakataa kuwekwa na wadogo, Raila hakutokea, na Ruto akajibu maswali peke yake.

Kaka, nionavyo mimi kosa ni hili: unamwambia mtu aonyeshe uzito wake kwanza ndipo umpe nafasi ya kusikika, na uzito wenyewe unatokana na kusikika. Mama wa samaki ataupata wapi?

Najua utasema saba ni wengi, saa moja haitoshi. Kweli. Basi fanyeni siku mbili, na nani akae na nani iamuliwe kwa kura ya bahati, mbele ya wote. Swali moja kwa kila mtu, dakika sawa, saa ishikwe na mtu asiye na mgombea. Asiyetokea, kiti chake kibaki wazi, wenzake waendelee.

Ukiamua watatu, mimi bado ni mdogo wako. Ila usiniambie umeiga Marekani ukadhani umeiga haki.

Haya, nawaachia hapo. Nisalimieni Mama, mwambieni kifurushi kiko njiani.